Mawe Kwenye Pindo la Gauni

Filimbi ililia mara mbili, na watoto wote waliokuwa kwenye bwawa la kuogelea wakageuka. Ilikuwa Jumapili, siku ya tatu tangu tumzike rafiki yangu Mikal. Wajukuu wake mapacha, Apiyo na Odongo, walikuwa wamekaa nyumbani wiki nzima wakisikiliza watu wazima wakilia, na mama yao akaniomba niwapeleke kwenye hoteli moja iliyo kando ya ziwa pale Homa Bay wakacheze majini kidogo. Wana miaka saba. Wote wawili walikuwa wamevaa kaptura za bluu, zilizonunuliwa pamoja sokoni, na walikuwa wameshaogelea kama robo saa hivi. Kijana anayelinda bwawa alikuja kando yangu, filimbi ikining'inia shingoni, akamwonyesha Apiyo kwa kidole na kuniambia kwa adabu kwamba huyu msichana avae kitu juu. Nikamuuliza kuhusu Odongo. Akasema huyo ni kijana, hana shida. Nikamwambia wamezaliwa siku moja, tena huyu msichana ndiye aliyetangulia. Akacheka, akanionyesha karatasi ya kanuni iliyobandikwa ukutani, halafu akatazama kitambaa changu cha kichwa na mkoba wangu wa Biblia. "Mama, naona wewe ni mtu wa kanisa," akasema. "Wewe utanielewa."

Nilimwelewa. Hilo ndilo lililonitia hofu. Nimekuwa shemasi huko Migori kwa zaidi ya miaka thelathini, na sijui ni akina mama wangapi nimewaita kando baada ya ibada nikawaambia kwa sauti ya chini wawafunike binti zao. Apiyo alikuwa amesimama kwenye ngazi ya bwawa, maji yakimfika magotini. Dakika moja kabla ya hapo alikuwa akimrushia ndugu yake maji. Sasa alikuwa amekunja mikono yake miwili kifuani na kuinamisha kichwa, na hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Mama yao alikuwa ameweka fulana kwenye mkoba wangu, kwamba itafaa ikihitajika. Nikaitoa. Na kama kawaida yangu kila ninaposhika nguo ya msichana, kabla sijaangalia kola wala vifungo, vidole vyangu vikaenda kwenye pindo.

Nitaandika juu ya mwaka ulionipa tabia hiyo. Sitaeleza habari za wazazi wangu wala ukoo wetu. Walinipenda, Mungu awalaze pema, na hawahusiki. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Shule ya kwetu iliishia darasa la nne, kwa hiyo nilipelekwa kukaa na Mama Turufosa, aliyekuwa kiongozi wa mashemasi wa kike katika kanisa letu la Sabato, kwenye kijiji cha wavuvi upande wa Suba, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Magunga. Alikuwa mjane mrefu asiyecheka ovyo. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Katika chumba cha mbele kulikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ndefu, na benchi ambalo wazee wa kanisa walikalia walipokuja kwa mashauri. Nililala chumba cha nyuma pamoja na magunia ya mtama, na ukuta uliotenganisha vyumba hivyo ulikuwa wa udongo na haukufika juu. Kila kilichosemwa mbele nilikisikia nyuma. Nilisikia mengi ambayo mtoto hakupaswa kusikia, na mengi zaidi ambayo mtoto alipaswa kuulizwa.

Chakula cha nyumba ile nakikumbuka kuliko nyuso nyingi. Uji wa wimbi asubuhi, ugali wa mtama na muhogo mchana, mnavu uliochemshwa kwa maziwa mpaka uchungu ukaisha. Samaki tulikula ngege na omena tu, kwa sababu kambare na kamongo hawana magamba, na Maandiko yamekataza. Ijumaa tulipika mara mbili, cha siku hiyo na cha Sabato, na jua lilipogusa vilima kila kitu kilisimama: moto, ufagio, sindano. Mpaka leo nashukuru kwa utaratibu ule. Ulinifundisha kwamba kuna wakati wa kuacha mambo kama yalivyo na kumtegemea Mungu. Lakini pia ulinifundisha kufanya haraka Ijumaa alasiri, na kwa haraka hiyo nilifanya jambo ninaloliandika hapa.

Mikal alikuwa wa rika langu. Baba yake alikuwa mvuvi, mtu mkimya aliyevuta kiko na ambaye kwa ajili ya kiko hicho hakuwa mshiriki wa kanisa, ingawa mkewe na watoto wake walikuwa waumini. Alimfundisha Mikal kuogelea pamoja na kaka zake, kwa sababu alisema ziwa haliulizi mtu jinsi yake. Kulikuwa na sehemu ya mchanga safi ambapo mitumbwi ilivutwa nchi kavu, na hapo ndipo watoto wote tulioga, wavulana na wasichana, tangu kabla ya mtu yeyote kukumbuka. Mikal aliogelea hadi kwenye nguzo ambako mtumbwi wa baba yake ulifungwa, akaigusa, akarudi, na hakuna mvulana aliyewahi kumtangulia. Mimi, niliyetoka bara, nilikuwa mwoga wa maji. Alinishika tumboni kwa kiganja kimoja akaniambia nitazame mawingu. Kufikia mwezi wa pili niliweza kuelea. Nilifurahi kiasi cha kuimba peke yangu jikoni.

Kisha alasiri moja ya Sabato mzee mmoja mgeni, aliyetumwa kukagua makanisa ya upande wetu, alitembea hadi ziwani kwa tafakari na akatukuta tunaoga. Jioni hiyo, baada ya jua kutua, wazee walijaa kwenye benchi la Mama Turufosa. Nilikuwa chumba cha nyuma nikikausha vikombe. Yule mgeni alizungumza kwa upole, sitamsingizia ukali. Alisema ushuhuda wa kanisa unaharibika, watu wa dini nyingine wanapita pale, na wasichana wa miaka tisa na kuendelea hawafai kuonekana kwenye mchanga bila nguo kamili. Mtu akauliza kuhusu wavulana. Akajibu, "Wavulana tuwaache. Hao ni watoto." Halafu nikasikia sauti ya Mama Turufosa, ambayo haikuwa na kawaida ya kukatiza wazee. "Na hawa wasichana ni nini?" Nilishika kikombe bila kukifuta. Mtu alikohoa. Benchi likalia. "Wasichana ni wasichana, Mama," mzee akasema, na wengine wakaitikia, na mambo yakaishia hapo. Asubuhi iliyofuata Mama Turufosa mwenyewe ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba akitangaza uamuzi ule. Hakuongeza neno lake. Alikuwa ameuliza mara moja, na kwa mwanamke wa wakati wake mara moja ilikuwa nyingi.

Tulihamishiwa nyuma ya mafunjo, mahali ambapo macho ya watu hayakufika. Macho ya wanyama yalifika. Chini palikuwa na tope jeusi lililonyonya mguu hadi nusu ya muundi, na mafunjo yalikuwa marefu kuliko mtu mzima, hivi kwamba ulisikia kitu kikitembea bila kukiona. Viboko walipitia hapo kwenda malishoni. Njia yao ilikuwa pana, imelazwa laini, na asubuhi nyingine kinyesi chao kilikuwa bado kinatoa moshi. Tulioga tukiwa na magauni yetu mwilini. Siku moja maji yalifumuka karibu na Yunia, msichana mdogo kuliko wote, na tukakimbia tukikanyagana, mmoja akaacha ndala zake kwenye tope na hakuna aliyezirudia. Mama Turufosa aliwapelekea wazee habari. Wazee walifikiri, wakaamua twende kwa kundi na tuwe na debe la kupiga ili kufukuza wanyama. Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule: wasichana kumi na wawili majini na nguo zao, na mmoja kwenye ukingo akipiga debe kwa kijiti. Mara nyingi mpigaji alikuwa mimi, kwa kuwa mwoga hafai kuwa mbele. Kutoka upande wa mchanga, hatua kama mia mbili, tulisikia wavulana wakicheka na kurukia maji safi, na tulipopita na nguo zilizolowa zikitugonga miguu waliita, "Vyura wamefika!" Kaka yake Mikal mwenyewe aliita hivyo. Jioni walikula sahani moja.

Sikuwahi kuelea tena. Gauni lililolowa haliruhusu. Linajaa maji, linakushika miguu kama mtu anayekuomba usiondoke. Wengine nao walisahau, mmoja mmoja, bila kugundua. Mikal peke yake hakusahau, na hilo nusura limponze. Siku moja ya shule, mchana watu wakiwa wamelala kwa joto, alikwenda mchangani, akachomeka gauni lake kiunoni, akaogelea hadi kwenye nguzo na kurudi. Mama mmoja wa kanisa alimwona. Sabato iliyofuata alisimamishwa mbele ya darasa la ubatizo, sisi sote tukiwa tumekaa, na mzee aliyetufundisha akamwambia bila kupaza sauti kwamba akionekana tena na goti lake wazi majini, jina lake litangoja mwaka mwingine. Lazima nieleze ubatizo ulikuwa nini kwetu. Haukuwa sherehe tu. Tuliamini, na mimi bado naamini, kwamba mtu huzikwa majini na kufufuka mpya. Kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, kuachwa nje ya mstari ule kulikuwa sawa na kuachwa nje ya mlango wa mbinguni huku wenzako wakiingia. Mikal hakulia. Alishika sikio lake na kulivuta, kama alivyofanya alipoogopa, na baada ya siku ile hakuonekana mchangani tena.

Ubatizo ulikuwa ufanyike mwezi wa nane, na hapo ndipo mawe yanapoingia. Mwaka uliotangulia, msichana mmoja alipoingia ziwani gauni lake lilijaa hewa likapanda juu, likaelea kumzunguka. Wavulana waliokuwa ukingoni walicheka, na watu wazima wachache pia. Mama yake alimfunika kwa leso akamrudisha nyumbani kabla hajabatizwa, na familia ile haikuonekana kanisani tena. Wavulana walibatizwa na kaptura zao za shule na shati jeupe, hakuna kilichopanda. Kwa hiyo Mama Turufosa alikata magauni mapya ya kitambaa kizito cha marekani, membamba chini, na akaweka katika pindo la kila gauni la msichana mifuko midogo ya kutia mawe. Mawe manne kwa kila gauni, mawili mbele na mawili nyuma, yenye ukubwa wa gololi. Nilitumwa ufukweni kuyaokota. Niliyachagua ya mviringo, nikayaosha, nikayapanga mezani kama mtu anayepanga mayai. Nilijiona mtumishi wa Bwana.

Ijumaa ile jua lilikuwa limeanza kushuka na gauni moja lilikuwa bado, la Mikal. Mama Turufosa alikwenda jikoni kuepua chakula cha Sabato, akaniachia sindano. Nakumbuka harufu ya kitambaa kipya na mafuta ya cherehani. Nakumbuka kivuli cha dirisha kikipanda ukutani, na mimi nikijua kwamba kikifika kwenye msumari wa kalenda jua limetua. Nilitia mawe manne. Halafu nikawaza juu ya gauni la yule msichana likielea, nikawaza juu ya goti la Mikal, na mzee, na mstari wa mbinguni. Mikal hakuwa kama sisi; majini miguu yake haikutulia, angepiga teke tu na gauni lingepanda. Nilimwogopea. Nje, karibu na mlango, kulikuwa na mawe makubwa zaidi, ya kuzuia kuku wasiingie, kila moja kama yai. Nikachukua saba. Nikafungua pindo, nikayaingiza, nikashona juu yake mishono mikubwa ya haraka, na kivuli kikafika kwenye msumari. Mama Turufosa aliingia akakuta gauni limekunjwa. Alinishukuru. Tukapiga magoti tukaikaribisha Sabato.

Mchungaji alipaswa kufika asubuhi, wakati ziwa limelala. Gari lililomleta liliharibika njiani, na alifika saa nane mchana, wakati upepo umeshaamka. Kila mtu wa pwani ile alijua mawimbi ya alasiri. Lakini watu walikuwa wamefunga na kungoja, nyimbo zilikuwa zimeshaanza, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema tungoje Sabato nyingine. Wavulana walitangulia. Walitoka wakitikisa vichwa, wakipigana vikumbo. Kisha sisi, tukishikana mikono kwenye mstari, mashemasi wawili wakituongoza hadi mahali mchungaji aliposimama, maji yakimfika kifuani. Nyuma yake kidogo mchanga uliisha na kina kilianza. Mikal alikuwa mbele yangu. Aliponigeukia mara moja nilimwona amekunja uso, nikadhani ni baridi. Alitembea kwa shida. Nikamshukuru Mungu kwamba gauni lake halijapanda hata inchi moja.

Mchungaji alimzamisha na kumwinua, na wanawake ukingoni wakapandisha wimbo. Alipokuwa akimkabidhi kwa shemasi, kati ya mkono na mkono, wimbi lilikuja likampiga mchungaji mgongoni. Aliyumba. Mikono yake ilifunguka. Nilimwona Mikal akienda nyuma, akikanyaga mahali pasipo na chini, na akashuka wima kama kitu kilichodondoshwa. Aliibuka mara moja. Macho yake yalikuwa wazi na yalinitazama mimi, kisha akashuka tena. Wimbo haukukatika. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo: wanawake hawakuona, na waliendelea kuimba kwa furaha, sauti ya pili na ya tatu zikiitikiana vizuri, wakati rafiki yangu yuko chini. Shemasi mmoja alinyoosha fimbo. Mwingine alipiga hatua mbili akasimama, hakujua kuogelea. Sisi wasichana tulikuwa kumi na wawili katika maji ya kiuno, na kati yetu hakuna aliyeweza kumfuata. Miezi sita tulikuwa tumepiga debe. Mimi nilijua kwa nini haibuki.  Nilisema neno moja tu, "Mawe," na nadhani nililisema mara nyingi.

Baba yake alikuwa amesimama nyuma ya watu wote, peke yake, kwa kuwa hakujihesabu mshiriki. Alipita katikati ya waimbaji na nguo zake, akaingia, akazama. Ndipo wimbo ukafa, kipande kwa kipande. Sijui alikaa chini muda gani. Alipoibuka, Mikal alikuwa begani mwake kama wavu, na katika mkono mwingine alikuwa na kisu chake cha samaki na kipande kirefu cha marekani. Alimlaza mchangani kifudifudi, akamkandamiza mgongo mpaka maji yakatoka, na baada ya muda ambao hakuna mtu aliyepumua, Mikal akakohoa. Mama yake alianguka chini kwa magoti. Yule baba mvuvi akasimama, akaenda hadi walipokuwa mashemasi wa kike, akaachia kile kipande cha pindo miguuni pao. Mawe yakagongana.

"Mawe hufungwa kwenye nyavu," akasema. "Sijawahi kuona yakifungwa kwa mtoto. Nani amefanya hivi?"

Mama Turufosa aliinama akaokota pindo, akalipapasa kwa vidole mwanzo hadi mwisho. Nilimwona akihesabu. Alijua alichoagiza. Aliinua kichwa, akanitazama nikiwa nimesimama na gauni langu linalotiririka maji na mawe yangu manne, akatazama ile mishono mikubwa, kisha akamgeukia yule baba. "Ni mimi," akasema.

Wazee walimwondoa katika uongozi kwa mwaka mmoja. Mimi nilibatizwa Sabato iliyofuata, asubuhi, kwenye maji yaliyotulia. Miezi iliyobaki ya mwaka ule nililala nikisikiliza ukuta. Kila benchi lilipolia chumba cha mbele nilidhani wamekuja kwa ajili yangu. Kila Mama Turufosa aliponiita nilete chumvi nilidhani sasa anasema. Hakusema. Aliniandalia uji, alinichana nywele, alinisomea Zaburi. Mara moja tu, Jumapili asubuhi baada ya tukio lile, nilimkuta mezani na mkasi akikata mapindo ya magauni yote, mawe yakiwa yamelundikwa mbele yake. Nilisimama mlangoni. Hakuinua macho. "Ulitaka asionekane, nyathina," akasema, kwa maana ya mtoto wangu. Nikasema ndiyo, Mama. Mkasi ukaendelea. "Na mimi pia," akasema. "Wote tulitaka asionekane." Kisha akaniambia nikayarudishe mawe ziwani, na nisiokote mengine.

Ningependa kuandika kwamba mambo yalibadilika. Wazee waliamua ubatizo usifanyike tena alasiri. Kuhusu mafunjo hawakusema kitu, na tuliendelea na debe letu hadi nilipomaliza darasa la saba. Mikal alipona kifua baada ya majuma kadhaa, lakini hakuingia ziwani tena. Aliolewa Homa Bay, akauza nguo, na maisha yake yote alioga kwa beseni. Mimi niliolewa Migori, tukalima, nikawa shemasi, na nisipoficha kitu, nilifanya kwa wasichana wengine kile nilichofanyiwa, bila mawe ila kwa maneno, nikiamini ninawalinda. Hofu ikikaa ndani ya mtu muda mrefu, inajifunza kuomba na kunukuu aya. Namshukuru Mungu kwamba amenivumilia.

Mwaka jana Mikal alipolazwa, nilipanda gari nikaenda kukaa naye kwa siku nne. Siku ya tatu, wauguzi walipotoka, nilimwambia. Nilikuwa nimekaa na siri ile zaidi ya nusu karne. Nilimweleza juu ya kivuli na msumari na mawe saba. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, kisha nikaona mabega yake yakitikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Rispa, nilijua. Niliyahisi kwa vidole vya miguu tukiwa bado mchangani. Na ile mishono, nani mwingine anashona kama anafunga gunia la mahindi?"

Nilimuuliza mbona hakuyatoa, meno tu yangetosha kuukata ule uzi. Kicheko kikamwisha. Alishika sikio lake akalivuta.

"Niliogopa gauni litapanda," akasema. "Mimi, niliyelijua ziwa lile kama uwanja wa nyumbani. Nililiogopa gauni kuliko maji."

Ndiyo maana Jumapili ile kando ya bwawa nilisimama na fulana ya Apiyo mkononi na sikuweza kumpa. Kijana wa filimbi alingoja. Nilimwambia kwamba kama ni sheria ya maji basi iwavalishe wote wawili, na kama si ya maji sijui ni ya nini. Akasema, "Dani, mimi nafuata tu karatasi." Alikuwa ameacha kuniita Mama, akaniita bibi kwa lugha yetu, na nikajua kwamba hana ubaya. Nikamwambia mimi pia nilifuata, miaka mingi, na hakuna siku niliyoulizwa kwa nini. Alinitazama, akatazama karatasi yake, akasema anaenda kuangalia pampu upande wa pili. Akaenda polepole, mgongo wake ukiwa kwetu.

Sikuhisi ushindi. Nilihisi woga uleule wa chumba cha nyuma. Wanawake wawili waliokuwa wamekaa mezani walikuwa wananitazama, na nadhani mmoja wao ananijua. Apiyo bado alikuwa kwenye ngazi, mikono kifuani. Odongo alimwita mara tatu. Nilimwambia achague mwenyewe, fulana hii hapa, maji yale pale. Alichukua muda mrefu. Nilikuwa tayari kuamini kwamba tumechelewa, kwamba dakika ile ya filimbi ilikuwa imeshafanya kazi yake. Kisha akafungua mkono mmoja, halafu wa pili, akaziba pua, na akajirusha.

Maji yakamfunika. Nilisogea hadi ukingoni kabisa, viatu vyangu vya mazishi vikalowa. Nilianza kuhesabu. Sikusikia watoto, wala redio ya hoteli, wala upepo wa ziwa. Nilihesabu na kuomba kwa pamoja, na vidole vyangu vikatembea kwenye fulana ile, mbele, ubavuni, nyuma, ubavuni, vikitafuta. Kichwa chake kilipoibuka upande wa pili, akicheka na kutema maji, akimwambia ndugu yake kwamba amemshinda, vidole vyangu vilikuwa vimemaliza kulizunguka pindo lote, na ndani yake hamkuwa na kitu.